Ghala limejaa, mtoto amedumaa

MSIMU wa mavuno unapofika Nyanda za Juu Kusini, malori hupanga foleni nje ya maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) mjini Makambako. Mahindi hushushwa, hupimwa unyevu, hupimwa uzito, kisha hupangwa gunia juu ya gunia hadi karibu na dari. Mengine huendelea na safari kuelekea Dar es Salaam, Dodoma na hata nje ya nchi.

Hii ndiyo mikoa iliyosifika tangu miaka ya 1980 kwa kulilisha taifa. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zilijulikana kama vinara wanne wa mahindi. Njombe, iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, imeongeza viazi mviringo, chai, mbao na sasa parachichi.

Lakini katika mikoa hiyo hiyo kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye stakabadhi za mauzo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe na Rukwa kila mmoja ulikuwa na asilimia 50. Wastani wa taifa mwaka huo ulikuwa asilimia 30.

Kwa maneno mengine, katika mkoa wenye chakula tele, ukiwakusanya watoto kumi chini ya mti, sita kati yao ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Si kwa sababu ya ukoo wala kabila. Ni kwa sababu miili yao haikupata ilichohitaji katika miaka miwili ya kwanza ya maisha.

Taifa lapanda, Iringa yashuka

Tanzania kwa jumla imepiga hatua. Mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34, mwaka 2018 wakawa 32, na mwaka 2022 wakafika 30.

Iringa imekwenda kinyume. Katika utafiti wa 2015/16 mkoa huo ulikuwa na asilimia 42. Mwaka 2018 ikawa 47. Mwaka 2022 ikafika 57. Hata ukikubali kwamba tafiti za namna hii zina kiwango chake cha kukosea, mwelekeo wa namba hizo tatu hauhitaji mtaalamu kuusoma.

Wataalamu wa lishe wanaeleza kuwa udumavu ni adui asiyepiga hodi. Mtoto aliyekonda huonekana, mbavu zikatokeza, na mama akakimbilia zahanati. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka na huenda hata mashavu yamejaa. Kwa kuwa watoto wa jirani nao ni wafupi vilevile, hakuna anayeshtuka.

Kipimo ndicho kinachosema. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mvulana mwenye miaka miwili kamili anatarajiwa kuwa na urefu wa wastani wa sentimita 87. Akiwa chini ya sentimita 81, amedumaa. Vipimo vya msichana viko chini kidogo ya hapo. Tatizo ni kwamba vituo vingi vya afya vimezoea kupima uzito tu, na ubao wa kupimia urefu hukaa kando.

Hasara yake haiishii kwenye kimo. Ubongo hukua kwa kasi kubwa katika kipindi kile kile mwili unapodumaa. Ndiyo maana siku 1,000, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, zimekuwa wimbo wa kila mtaalamu wa lishe. Baada ya hapo chakula kizuri bado kina faida, lakini sehemu kubwa ya kilichopotea hairudi. Wahenga walikwishasema, samaki mkunje angali mbichi.

Kwa wanaotaka kuliona suala hili kwa macho ya biashara, upo mfano wa Guatemala. Kati ya mwaka 1969 na 1977, watoto wa vijiji vinne vya nchi hiyo walipewa vinywaji vya nyongeza. Vijiji viwili vilipata uji wenye nguvu na protini, viwili vikapata kinywaji chepesi. Watafiti waliwafuatilia watoto hao hadi utu uzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet yalionyesha kuwa wanaume waliopata uji ule wakiwa na umri wa chini ya miaka miwili walikuwa wakilipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao.

Hakuna mbegu ya mahindi wala mbolea inayoongeza mapato ya mkulima kwa maisha yake yote kwa kiwango hicho.

Iringa iliyoifundisha dunia

Kinachouma zaidi ni kwamba Iringa si mkoa uliosahauliwa. Mkoa huu uliwahi kuwa darasa la dunia katika mambo ya lishe.

Mwaka 1983, Serikali kwa kushirikiana na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, ilianzisha mkoani humo Mpango wa Pamoja wa Kuimarisha Lishe, uliojulikana kwa kifupi cha JNSP. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa nguzo ya utaalamu. Mpango ulianza katika vijiji 168.

Mpango huo haukuanza kwa kugawa chakula. Ulianza kwa mizani. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku yake ya afya, ambapo watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito hadharani. Matokeo hayakufungiwa kabatini kusubiri mgeni kutoka wizarani. Yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, kisha yakapelekwa kata na wilaya.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Watoto wangapi wako kwenye rangi nyekundu? Ni wa nyumba zipi? Kwa nini? Tufanye nini kabla ya kupima tena? Wanakijiji walitathmini, wakachambua, wakatenda, kisha wakapima upya. Mahali penye tatizo la akina mama kushinda shambani palianzishwa vituo vya kulea na kulisha watoto mchana. Wahudumu wa afya wa kijiji walizungukia kaya. Maji, chanjo, vyoo na kilimo viliingizwa katika kikapu kimoja.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vya mpango walipungua kutoka takriban asilimia 56 hadi 38. Wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mchoro wake maarufu wa kueleza chanzo cha utapiamlo, uzoefu wa Iringa ulikuwa ndani yake. Mchoro huo unasema utapiamlo hautokani na upungufu wa chakula peke yake. Miguu ni mitatu: chakula, afya na matunzo. Mguu mmoja ukivunjika, chungu humwagika. Hadi leo wanafunzi wa lishe katika vyuo vya dunia nzima wanafundishwa mchoro huo.

Ni vyema kusema wazi kwamba namba za wakati ule ni za uzito, na za sasa ni za kimo. Mtoto anaweza kuongezeka uzito huku kimo chake kikiwa bado nyuma. Kwa hiyo haiwezekani kuziweka namba hizo mbili kwenye mstari mmoja na kusema mkoa umeporomoka kutoka hapa hadi pale. Kinachoweza kusemwa ni kwamba utaratibu ulioleta mafanikio yale haukudumu kwa nguvu ileile baada ya fedha za wafadhili kwisha.

Miaka iliyofuata ilileta pigo jingine. Ukimwi uliitikisa mikoa hii kuliko mingine ya bara. Utafiti wa mwaka 2011/12 ulionyesha maambukizi ya asilimia 14.8 mkoani Njombe na 9.1 Iringa miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika kaya nyingi, bibi ndiye aliyebaki na wajukuu na jembe.

Chakula kipo, mlezi hayupo

Ukiuliza kwa nini mtoto wa Mufindi au Kilolo adumae wakati stoo ya baba yake ina magunia, jibu la kwanza liko kwenye sufuria.

Chakula kikuu cha mtoto ni uji mweupe wa mahindi, mara nyingi wa sembe iliyokobolewa hadi ikapoteza sehemu kubwa ya vitamini na madini. Mahindi meupe hayana vitamini A, na protini yake ina upungufu wa viini ambavyo mwili unavihitaji kujenga misuli. Uji huo hauna maharage, karanga, yai wala dagaa. Mtoto hujaza tumbo, akalala, lakini mwili umebaki na njaa yake.

Jibu la pili ni idadi ya milo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. WHO inapendekeza mtoto wa miezi 9 hadi 23 apate milo mitatu hadi minne kwa siku, pamoja na vitafunwa mara moja au mbili, huku akiendelea kunyonya. Katika kaya nyingi za wakulima, watu wazima hula mara mbili, na mtoto hula nao.

Jibu la tatu ni kazi. Mvua za mikoa hii huanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Ni msimu mmoja tu, na kila kitu lazima kifanyike ndani yake. Desemba hadi Februari mama yuko shambani kuanzia alfajiri, akipanda na kupalilia, awe mjamzito au ananyonyesha. Mtoto hubaki na dada yake wa miaka saba au minane. Kiporo cha asubuhi ndicho chakula cha mchana.

Wengine wako kwenye mashamba ya chai na viwanda vya mbao kama vibarua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Pia inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha kwa hadi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Kibarua wa siku kwa siku huona ugumu kuidai haki hiyo, kwa hofu kwamba kesho jina lake halitaitwa.

Kisha kuna pombe. Msimu wa ulanzi unapochanganya, viongozi wa Iringa na Njombe wamekuwa wakikemea mara kwa mara tabia ya kuwapa watoto kinywaji hicho ili watulie. Ulanzi mbichi ni mtamu, na wengi huuona kama maji ya matunda tu. Lakini mgemo huanza kuchacha mapema, na mtoto aliyeshiba ulanzi hanyonyi wala hali.

Fungu la mtoto litoke kwanza

Swali la msingi kwa mkulima ni hili: je, kumlisha mtoto vizuri kunahitaji kuacha kuuza mazao? Hesabu inaonyesha kuwa jibu ni hapana.

Chukua mtoto mmoja mwenye umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili. Akila gramu 50 za maharage makavu kila siku, ambazo zikiiva hujaza kikombe kidogo, kwa mwaka mzima atakula kilo 18 na robo. Hiyo ni debe moja tu.

Karanga gramu 20 kwa siku ni kilo saba na ushee kwa mwaka. Dagaa wakavu gramu 10 kwa siku hawafiki kilo nne kwa mwaka. Mayai matatu kwa wiki ni mayai 156 kwa mwaka, ambayo kuku watano wa kienyeji wanaotunzwa vizuri wanaweza kuyatoa na mengine yakabaki ya kuatamia. Maziwa kikombe kimoja cha mililita 200 kwa siku ni lita 73 kwa mwaka. Ng'ombe chotara anayetoa lita nane kwa siku huzitoa kwa siku tisa au kumi.

Kaya iliyovuna magunia matatu ya maharage ya kilo 100 kila moja, ikimtengea mtoto debe lake, imeacha kuuza asilimia sita tu ya mavuno. Ikimtengea na mama anayenyonyesha gramu 100 kwa siku, jumla ni kilo 55, yaani chini ya moja ya tano. Zaidi ya robo tatu ya maharage bado yanakwenda sokoni.

Kinachotokea sasa ni kinyume. Mnunuzi anafika na lori, bei ni nzuri, ada ya shule inadaiwa, na mbolea ya msimu ujao inasubiri. Magunia yote yanapanda. Ikifika Januari familia inanunua maharage dukani kwa kilo, kwa bei ya juu, tena kwa ajili ya wageni. Mayai hukusanywa kwenye trei ya mchuuzi, maziwa huenda kwa mkusanyaji, parachichi huenda kwa kampuni, na mtoto hubaki na uji.

Ushauri unaotolewa na maofisa ugani na lishe ni mwepesi kuukumbuka: fungu la mtoto litoke kabla ya mnunuzi hajaingia uani. Debe la maharage la mtoto lifungwe kwenye mfuko wake, lipewe jina lake, na lisiguswe. Kuku wawili au watatu wawe wa mtoto, na mayai yao yasiuzwe. Mkulima aliyezoea kutenga mbegu ya msimu ujao tayari anaujua utaratibu huo. Mtoto naye ni mbegu.

Kuhusu kuni, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa huiva haraka zaidi. Yakisagwa na kuchanganywa kwenye uji au ugali laini, mtoto wa miezi saba anayamudu.

Kimea kinachojulikana kwa pombe

Lipo jambo jingine ambalo mikoa hii inalijua vizuri kuliko mingine, ila hulitumia mahali pengine. Jambo hilo ni kimea.

Uji wa mtoto una mtego. Ukiweka unga mwingi unakuwa mzito na mtoto hawezi kuumeza. Ukiongeza maji ili auweze, anakunywa maji yenye unga kidogo. Anashiba kabla ya kupata nguvu.

Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe walilifanyia kazi tatizo hili tangu miaka ya 1980, na dawa yake waliikuta kwenye vyungu vya wapika pombe. Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja wanga. Kijiko cha unga wa kimea kikitiwa kwenye uji mzito uliotoka kuiva na kupoa kidogo, uji huo hulainika mbele ya macho yako bila kuongezewa maji. Hivyo mtoto anakunywa uji mwepesi wenye unga mwingi.

Utengenezaji wake haugharimu chochote zaidi ya muda. Ulezi husafishwa, hulowekwa usiku mmoja, hutandazwa mahali penye unyevu na kufunikwa kwa siku mbili hadi tatu mpaka uchipue. Kisha huanikwa hadi ukauke kabisa, huondolewa vichipukizi kwa kusuguliwa, na husagwa. Baada ya kuchanganya, uji urudishwe jikoni uchemke tena kwa dakika chache ili kuua vijidudu. Ulezi ndio unaopendekezwa kuliko mtama, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu.

Katika vijiji vya Iringa, kimea cha ulezi hakikosekani pale pombe ya komoni inapopikwa. Kinachohitajika ni kikombe kimoja kibaki kwa ajili ya mtoto.

Sumu isiyoonekana

Wakulima wanapozungumzia hasara ya ghalani hutaja fukusi, dumuzi na panya. Ukungu hutajwa mwisho. Hata hivyo, ndio unaoweza kugharimu maisha.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 kati ya 68 waliougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa. Hilo lilikuwa tukio la wazi. Lililojificha ni la watoto wanaokula kiasi kidogo kila siku. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulihusisha aina mojawapo ya sumu hizo, inayopatikana kwenye mahindi na kuitwa fumonisini, na kudorora kwa ukuaji wa watoto.

Kinga inaanzia shambani. Mahindi yavunwe yakikomaa, yasiachwe kulala chini. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si kwenye udongo. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu zitengwe. Gunia liwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa huzuia wadudu na kupunguza kasi ya ukungu, mradi mahindi yameingia yakiwa makavu.

Lipo kosa moja la kimazoea. Mahindi mazuri huuzwa, na yale yaliyochambuliwa kuwa mabaya hubaki kuliwa nyumbani, au husagwa yakawa uji. Mwenye mwili mdogo kuliko wote ndiye anayepewa sumu nyingi kuliko wote.

Biashara ya unga wa lishe

Mwamko kuhusu lishe umezaa biashara. Vikundi vya akina mama vinasaga na kufungasha unga wa lishe, na maduka ya mijini yamejaa mifuko yenye picha za watoto wanene. Ni ajira nzuri, lakini ina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni imani kwamba unga wenye nafaka nyingi ndio bora. Mahindi, ngano, mchele, mtama na uwele vyote ni kundi moja. Kuvichanganya vitano hakuongezi kundi la pili. Wataalamu hushauri nafaka moja, au mbili kwa wingi, kisha uji uongezewe vyakula vya makundi mengine wakati wa kupika. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji wa mwaka 2023 unataja makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, mikunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta.

Mtego wa pili ni karanga kusagwa pamoja na nafaka na kukaa dukani kwa miezi. Mafuta yake huchacha, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na sumukuvu. Ni salama zaidi zisagwe kidogo kidogo nyumbani.

Anayetaka kuuza unga huo anapaswa kusajili bidhaa na eneo la usindikaji kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa jukumu la usalama wa chakula kuanzia Julai 2019. SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji. Msindikaji asiyepima malighafi yake anaweka rehani afya ya watoto na jina la biashara yake.

Kwa wenye mashine za kusaga, nafasi nyingine ni kuongeza virutubishi. Tangu mwaka 2013 Serikali imekuwa ikisimamia uongezaji wa madini na vitamini kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Viwanda vikubwa vilianza mapema. Changamoto imebaki kwa mashine ndogo za vijijini, ambako ndiko mahindi ya wakulima wengi yanasagwa.

Mkataba na mizani

Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe na Serikali, wakakubali kupimwa utendaji wao kwa mambo ya lishe kama wanavyopimwa kwa mapato. Mkataba huo ulifanywa upya Septemba 2022 na unafika hadi mwaka 2030. Chini ya utaratibu huo, kila halmashauri ilitakiwa kutenga walau Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani.

Kijiji chenye watoto 400 kwa hesabu hiyo kina Sh400,000 kwa mwaka. Si fedha nyingi, lakini zinatosha ubao wa kupimia urefu, tepe za mkono na vyakula vya mapishi darasa. Wananchi wana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji kama zimetengwa, na kama zimetoka.

Ipo pia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka. Watoto hupimwa, hufundishwa mapishi, na wale ambao tepe ya mkono inasoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, hupelekwa kituo cha afya. Mzee yeyote wa Iringa aliyekuwapo mwaka 1984 ataitambua siku hiyo kwa jina jingine.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima katika kipindi cha miaka mitano. Hao ndio watakaoingia hadi jikoni, ambako muuguzi wa zahanati hafiki. Vituo vya kulelea watoto mchana navyo vimerudi kwenye mipango, kupitia programu ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021.

Kwa hiyo mikataba ipo, miongozo ipo na namba zipo. Kilichoifanya Iringa ya miaka ya 1980 isimame ni kwamba namba zile zilisomwa mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kuzibadilisha, nao wakaulizana baada ya miezi mitatu. Kikao kilichojadili bei ya mbolea kilijadili pia watoto walio kwenye nyekundu, na akina baba walikuwamo.

Hilo la akina baba ni muhimu. Elimu ya lishe hutolewa kliniki, na kliniki huenda mama. Lakini anayeamua gunia lipi liuzwe, kuku yupi achinjwe na mama apumzike lini kupalilia, mara nyingi ni baba. Kumfundisha mama kuhusu yai huku funguo za banda ziko mfukoni mwa mwingine ni kutwanga maji kwenye kinu.

Malori yataendelea kupanga foleni Makambako, na ni vizuri yaendelee. Nchi inahitaji mahindi hayo, na mkulima anahitaji fedha. Ila kabla ya gunia la mwisho la maharage kupandishwa, kuna debe moja la kushusha. Debe hilo ndilo litakaloamua kama mtoto aliye mgongoni mwa mama leo atakuja kulima, kusoma na kufanya biashara kwa nguvu zake zote, au kwa nusu yake.